MGENI NJOO, MWENYEJI APONE: LAKINI AJE KWA NJIA GANI?

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Walijua ya kuwa mgeni akibisha hodi, chungu kilichokuwa kimelala huinjikwa mekoni, kuku hushikwa, na wa nyumbani nao hupata kitoweo ambacho wasingekiona siku ile. Hawakutuachia neno lolote juu ya namna mgeni huyo atakavyofika mlangoni, na wala halikuhitajika, kwa sababu zama zao kila mtu alikuja kwa miguu yake.

Zama hizi neno hilo lahitajika. Katika mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni zaidi ya milioni 2 kutoka nchi za nje. Wengi wao walikwenda Serengeti, Ngorongoro, Kilimanjaro na Zanzibar, kisha wakapanda ndege kurudi kwao. Waliofika katika nyanda za kati, yaani Dodoma, Kondoa, Kongwa, Mpwapwa na Manyoni, ni wachache mno, ijapokuwa Dodoma ndiyo makao makuu ya nchi waliyokuja kuitembelea. Wako watakaosema kwamba hapana cha kuona. Sisi hatukubaliani nao, na sababu zetu tutazieleza. Twaamini kwamba tatizo lililo kubwa ni la usafiri, na katika usafiri wenyewe ni sehemu moja ndogo tu ambayo haijapata kufikiriwa vya kutosha. Sehemu hiyo yamgusa mtalii, na yamgusa zaidi mkulima wa Kondoa na mfanyakazi wa Dodoma.

Nchi ni kubwa

Mgeni anayetoka Ulaya mara nyingi hakadirii ukubwa wa nchi hii. Ukizichukua Ufaransa na Ujerumani ukaziweka pamoja, Tanzania bado yazishinda kwa eneo. Mtu aliyezoea kukatiza nchi nzima kwa saa chache hutazama ramani, akaona Dar es Salaam, Dodoma na Arusha, akadhani ni mwendo wa asubuhi mpaka mchana. Basi lililo jema kwake ni kuambiwa ukweli kabla hajatoka kwao: kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa barabara ni kama kilomita 450, na kutoka Dodoma hadi Arusha kwa kupitia Kondoa ni kama kilomita 420. Safari hizo zataka mpango.

Hata wageni wa kale walijifunza hivyo kwa taabu. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, na walitumia karibu miezi mitatu kufika Ugogo. Stanley naye alipita mwaka 1871. Misafara ya pembe na ya watumwa ilikuwa ikikatiza mbuga kavu ya Marenga Mkali ikiwa na vibuyu vya maji, kisha ikaingia katika himaya za watemi wa Kigogo. Hapo kila msafara ulitozwa hongo, kwa nguo, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Waandishi wa kizungu walilalamika sana juu ya hongo hiyo, wakawaita Wagogo walafi. Lakini tulitazame jambo lile kwa macho ya mwenyeji. Maji ya Ugogo ni machache, nafaka hupatikana kwa jasho, na msafara wa watu mia kadhaa ungeweza kumaliza kisima cha kijiji kwa siku moja. Mwenyeji alikuwa akidai haki yake: ukipita kwangu, ukanywa maji yangu, niachie kitu.

Swali hilo la watemi lingali hai. Mgeni apitaye katika nyanda hizi leo huwaachia nini wenyeji? Jibu latoka katika chombo anachopanda.

Reli ya zamani na reli mpya

Tuanze na reli, kwa kuwa ndiyo iliyouzaa mji wa Dodoma. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905 chini ya utawala wa Wajerumani. Ulifika Morogoro mwaka 1907, Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Maelfu ya Waafrika walibeba mataruma na kuvunja mawe ili njia hiyo ipite. Haikujengwa kwa ajili yao. Ilijengwa ili mali ya bara iteremke pwani na askari wa mkoloni wapande bara. Hata hivyo wananchi waliifanya kuwa yao, na kwa zaidi ya miaka 100 gari la moshi ndilo lililomchukua mwanafunzi kwenda shuleni, mfanyakazi kwenda mkatabani, na mama kwenda kumwona mwanawe Kigoma.

Reli hiyo haikukosa mashaka. Kati ya Kilosa na Gulwe njia yafuatana na mito, na mito hiyo ikifurika haina simile. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliiharibu njia kiasi kwamba safari zilisimama kwa miezi. Mgeni mwenye siku 10 tu za mapumziko hawezi kuzitoa mhanga siku zake kwa chombo kisichojua saa ya kufika.

Sasa mambo yamegeuka. Tarehe 25 Julai 2024 treni za reli mpya, reli ya kiwango cha kimataifa ambayo wengi huiita SGR, zilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia Suluhu Hassan akaizindua rasmi. Treni hizo huendeshwa kwa umeme, hupita katika mahandaki yaliyotobolewa katika milima ya Kilosa, na zimeundwa kwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Neno gari la moshi tutaendelea kulitumia kwa mazoea, lakini moshi wenyewe haupo tena. Safari iliyokuwa ikila siku nzima au usiku kucha sasa huchukua kama saa 4. Nauli iliyotangazwa mwaka 2024 kwa mtu mzima katika treni ya kawaida ilikuwa shilingi 31,000, nayo haikupitana sana na ile ya basi zuri. Mgeni hukata tikiti kwa mtandao au stesheni, naye hana budi kuwa na pasipoti yake, maana tikiti hukatwa kwa jina.

Kwa mgeni anayetoka Dar es Salaam, basi, twashauri reli bila kusita. Ataiona nchi ikibadilika mbele ya macho yake: minazi na michikichi ya pwani, kisha milima ya Uluguru, kisha mashamba ya katani, kisha milima ya Kilosa, na mwishowe mibuyu na miiba ya nyanda za kati, nchi iliyo juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,000. Hayo hayaonekani kutoka angani.

Lakini hata reli ya zamani tusiitupe. Njia yake yaendelea magharibi kutoka Dodoma kupitia Manyoni hadi Tabora, na kutoka hapo yaenda Kigoma na Mwanza, huku vipande vya reli mpya vya upande huo vikiwa bado vyajengwa. Kwa mgeni mwenye wakati na mwenye hamu ya kukaa na wananchi, kununua kuku wa kukaanga dirishani na kusikiliza habari za mavuno, treni ya zamani ni darasa. Asiye na wakati asiipande.

Basi na motokaa

Njia ya pili ni basi. Mabasi ya kwenda Dodoma huondoka Dar es Salaam kutoka kituo kikuu cha Mbezi, na huchukua saa 8 au 9. Tangu mwaka 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, abiria wamepata nafasi zaidi ya kuchagua. Faida ya basi ni kwamba hupita mahali ambapo treni haipiti: Chalinze, Gairo, soko la mahindi la Kibaigwa, na njia panda ya Mbande iendayo Kongwa. Hasara yake ni uchovu na hatari za barabara yenye malori mengi. Mgeni anayetoka pwani twamwambia apande treni. Anayetoka Arusha, Singida au Iringa, basi ndilo chombo chake, kwa kuwa huko reli ya abiria ya kumleta Dodoma haipo.

Na hapo ndipo tunapokuta jambo ambalo halijatangazwa inavyostahili. Enzi za Waingereza kulikuwa na ndoto ya barabara moja kutoka Cape Town hadi Kairo, wakaiita Barabara Kuu ya Kaskazini. Katika ramani ilipita Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati na Arusha. Katika ardhi, kipande cha Dodoma hadi Babati kilibaki udongo kwa miongo mingi. Wakati wa masika kiligeuka tope, na mabasi ya Arusha yaliona afadhali kuzunguka kupitia Singida. Ilikuwa Aprili 2018 ambapo Rais John Magufuli aliizindua barabara ya lami ya Dodoma, Kondoa hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251. Kwa upande wa kusini, barabara ya Dodoma hadi Iringa kupitia bwawa la Mtera nayo ni lami.

Maana yake ni nini kwa mgeni? Maana yake ni kwamba mbuga za kaskazini, yaani Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti, sasa zimeunganishwa na upande wa Ruaha ya kusini kwa barabara kuu ya lami, na Dodoma iko katikati. Zamani mtalii aliyetaka kuona kaskazini na kusini alirudi kwanza pwani, au alipanda ndege ndogo kwa fedha nyingi. Leo aweza kukodi motokaa Arusha, akalala Kondoa, akalala Dodoma, akafika Iringa siku ya tatu. Hata wale wapanda baiskeli wanaotoka Kairo kwenda Cape Town huonekana wakikatiza mitaa yetu.

Lakini motokaa ya kukodi ina siri yake, nayo yafaa tuiseme wazi. Ikiwa gari limekodiwa Arusha, dereva ametoka Arusha, maji ya kunywa yamepakiwa Arusha, na chakula cha mchana kimefungwa katika maboksi Arusha, mgeni huyo aweza kuvuka wilaya nzima ya Kondoa bila kuacha hata senti tano. Zamani aliacha vumbi. Sasa kwa kuwa barabara ni lami, hata vumbi haachi.

Ndege

Njia ya tatu ni ndege. Kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa saa moja hivi hewani. Uwanja wa zamani wa Dodoma umezingirwa na mji, hauna nafasi ya kupanuka sana, na kwa ajili hiyo serikali iliamua kujenga uwanja mpya wa kimataifa huko Msalato, kando ya barabara hiyo hiyo ya kwenda Kondoa. Mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika kwa kazi hiyo uliidhinishwa Desemba 2019. Ndege yamfaa mtu mwenye shughuli na mwenye fedha. Kwa mtalii wa kawaida faida yake imepungua tangu treni ya umeme ianze, kwani ukijumlisha foleni ya kwenda uwanjani, ukaguzi na kungoja, saa moja ya angani huwa saa 4 za ardhini.

Kuna nini cha kuona?

Kabla hatujafika kwenye kiini cha neno letu, tuwajibu wale wasemao hapana cha kuona.

Katika vilima vya Kondoa, juu ya kijiji cha Kolo, kuna mapango na miamba yenye michoro ya kale. Ipo zaidi ya 150, nayo mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Michoro myekundu yaonyesha twiga, swala, na watu wembamba wenye nywele za namna ya ajabu. Ni kazi ya mababu waliokuwa wawindaji. Mingine myeupe ni ya wakulima na wafugaji waliokuja baadaye. Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Na jambo kubwa zaidi ni kwamba baadhi ya mahali hapo pangali patakatifu, na wenyeji huenda kuomba mvua na afya. Nyumba za makumbusho zilizo nyingi duniani zina vitu ambavyo wenyewe walikwisha kufa. Kolo ina vitu ambavyo wenyewe wangali hai.

Kongwa kuna historia mbili. Ya kwanza ni ya mpango wa karanga ambao serikali ya Uingereza iliuanza mwaka 1947 na kuuacha mwaka 1951, baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 36 kwa kulima ardhi ambayo Wagogo wangewaambia mapema kwamba haina mvua ya kutosha. Ya pili ni ya heshima: kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa vyama vya FRELIMO, ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU waliishi na kujifunza vita katika kambi za Kongwa. Raia wa Afrika Kusini, Namibia, Msumbiji, Angola au Zimbabwe akifika pale, hakuja kutalii. Amekuja kuhiji.

Tena kuna zabibu za Dodoma, zinazovunwa mara mbili kwa mwaka. Na kuna muziki wa Wagogo, ambao marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka Ulaya na Asia kwa ilimba na zeze. Mataifa yalikuja kusikia sauti ya Ugogo katika majumba yao makubwa kabla hayajaiona nchi iliyoizaa sauti ile.

Kilomita za mwisho

Sasa na tufike kwenye kiini. Chukua mgeni mmoja, mwalimu kutoka nchi ya ng'ambo, asiye tajiri wala maskini. Amepanda treni Dar es Salaam, ameketi vizuri, amefika Dodoma kwa wakati. Hakuna cha kulaumu hadi hapo. Anashuka, anatoka nje ya stesheni, na hapo ndipo ujuzi wa safari unapokatika ghafla. Stesheni mpya haiko pale ilipo ile ya zamani, katikati ya mji. Madereva wa teksi, bajaji na bodaboda wanamzunguka, kila mmoja na bei yake. Akiuliza basi la Kondoa, ataambiwa liko kituo kingine, nalo huondoka likijaa, na kama amekuja na treni ya jioni, hakuna hadi asubuhi. Akifika Kondoa, Kolo iko kilomita 20 na kidogo mbele. Akifika ofisi ya Kolo, atapata mwongozaji na kulipa ada, lakini michoro iliyo mizuri iko kilimani, kwa njia ya mawe inayotaka gari lenye nguvu, na baada ya gari bado kuna kupanda kwa miguu. Mgeni amesafiri kilomita maelfu kutoka kwao bila taabu, na taabu yote imemngoja katika hizi za mwisho.

Mtu huyo atafanya nini? Atalala hoteli usiku mmoja, atapiga picha ya jengo la Bunge, na kesho yake atarudi Dar es Salaam kwa treni ile ile. Atawaambia wenzake kwamba Dodoma hapana cha kuona. Na sisi tutaudhika.

Wako wanaodai kwamba dawa ni kununua magari maalumu ya watalii, yenye vioo vikubwa na viyoyozi, yawapokee stesheni na kuwapeleka moja kwa moja. Hatusemi kwamba ni vibaya. Lakini twauliza: ni wageni wangapi kwa wiki watakaoyajaza? Magari hayo yatakaa yakipigwa na jua, mwaka wa kwanza yatapata hasara, mwaka wa pili yatauzwa. Nyanda hizi zimekwisha kuona jambo la namna hiyo. Kwa ajili ya karanga za Kongwa ilitandikwa njia ndogo ya reli. Ilijengwa kwa ajili ya kitu kimoja na kwa ajili ya wageni tu, na karanga zilipokwama, njia nayo ikang'olewa. Mkulima wa Kongwa aliyeona reli ikija aliiona ikiondoka.

Mawazo yetu ni tofauti. Yule mwalimu wa ng'ambo si abiria wa pekee aliyekwama nje ya stesheni. Kando yake amesimama mama wa Kondoa aliyetoka kumwuguza mwanawe Muhimbili, mwenye mizigo miwili na mtoto mgongoni. Amesimama mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma anayerudi likizoni Chemba. Amesimama fundi aliyemaliza kibarua Morogoro. Wote hao wataka kitu kile kile: basi linalongoja treni, lenye saa inayojulikana na nauli iliyoandikwa. Likipatikana basi hilo kwa ajili ya mama wa Kondoa, mgeni naye atapanda, na viti vitajaa hata msimu ambao hapana mtalii hata mmoja.

Majirani zetu wa Kenya wana funzo katika jambo hili. Reli yao mpya ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 2017, stesheni zake ziliwekwa mbali na mji: Syokimau kwa upande wa Nairobi, na Miritini kwa upande wa Mombasa. Kwa upande wa Nairobi ilibidi treni ndogo za reli ya zamani ziwachukue abiria hadi mjini. Na katikati ya njia, katika stesheni za Voi na Mtito Andei zilizo mlangoni pa mbuga za Tsavo, magari ya hoteli huja kuwapokea wageni kwa saa ya treni. Penye kiungo, reli huzaa matunda kando ya njia. Pasipo kiungo, hulisha miji miwili tu ya mwanzo na mwisho.

La kufanya

Hatutaki kulaumu tu na kuondoka. Mambo manne yawezekana, na mengi katika hayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, wenye mabasi ya Kondoa, Kongwa na Mpwapwa wakae pamoja na shirika la reli na mamlaka ya usafiri, wapange magari machache yaondoke stesheni baada ya treni kufika. Yaanze mawili au matatu kwa siku. Yakijaa, yaongezwe.

La pili, bei ziandikwe. Ubao mmoja mkubwa mlangoni pa stesheni, kwa Kiswahili na kwa lugha za wageni, uonyeshe nauli ya bajaji hadi mjini, nauli ya basi hadi Kondoa, na ada ya kuingia Kolo. Ubao huo utamlinda mgeni asidanganywe, na utamlinda zaidi dereva mwaminifu, ambaye leo huhesabiwa pamoja na wadanganyifu. Madereva wetu wajiunge katika vyama vyao vya ushirika, wajisimamie, na anayeharibu jina la wenzake waadhibiwe na wenzake.

La tatu, njia ya kutoka Kolo kwenda kwenye miamba itengenezwe, na vijana wa vijiji vile wafundishwe kuongoza wageni katika magari na kwa miguu. Kazi hiyo isiletewe watu kutoka mbali. Mjukuu wa mtu anayetambikia pale ajua habari ambayo haimo katika kitabu. Wazee wenye mahali patakatifu waulizwe kwanza wapi mgeni aende na wapi asiende, na neno lao liheshimiwe.

La nne latuhusu sisi wenyewe. Dodoma imejaa watu waliohamia na serikali tangu mwaka 2016, baada ya uamuzi uliopitishwa na TANU mwaka 1973 kungojwa miaka mingi. Kuna watumishi, wabunge, wanafunzi, mafundi wa majengo. Wangapi kati yetu tumekwenda Kolo? Siku ya Jumamosi twakaa barazani tukisema mji huu hauna pa kutembea, na huku urithi wa dunia uko mwendo wa saa chache kwa lami. Matawi ya wafanyakazi na shule zikodi basi moja kwa mwezi. Nenda kati ya Juni na Oktoba, mvua zikiwa zimekwisha. Beba maji, lakini chakula kinunue Kondoa. Mwenyeji akiipita njia kwanza, huwa imekwisha kulainika mgeni anapokuja.

Ndugu wasomaji, nyanda za kati zimepitiwa na kila aina ya chombo. Misafara ilipita, ikatozwa hongo. Gari la moshi la Mjerumani lilipita, likachukua. Reli ya karanga ilikuja, ikang'olewa. Leo tuna reli ya umeme na barabara ya lami zilizojengwa na taifa letu, na kwa mara ya kwanza ni sisi tunaoweza kuamua kama mgeni atapita au atashuka. Watemi wa zamani walidai haki yao kwa mkuki. Sisi twaweza kuidai kwa basi linalofika kwa saa yake na kwa ubao wenye bei ya kweli. Akishuka mgeni mmoja akalala Kondoa, mama muuza ugali atauza, dereva atapata mzigo, kijana wa Kolo atalipwa ujira wake, na mwenyeji atapona kama wazee walivyonena.